Kidole Gumba cha Baba

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini hili nitajisifia mpaka nizikwe.

Baba yangu ni mcheza nyoka wa huko Magu, wa zile ngoma za baada ya mavuno, anayejivisha chatu shingoni huku watazamaji wakikanyagana kukimbia. Alitaka mmoja wetu amrithi. Mimi ndiye mkubwa, na kila alipofungua sanduku la nyoka nilikuwa nimeshafika kwa jirani. Nilipokwenda kusomea uuguzi Mwanza, akawa anawaambia wageni, tena mbele yangu, kwamba huyu kachagua vitabu, nyoka hamjui. Iliniuma. Miaka yote iliniuma.

Mwaka juzi swila alimng'ata kiganjani. Sasa, mtu wa chama chao cha wacheza nyoka haendi hospitali kwa ajili ya nyoka, ni aibu. Akanywa dawa yake, nyingine akajipaka kwenye chale, akangoja. Wanasema mganga hajigangi, yeye alijaribu. Kope zikaanza kumshuka, ulimi ukawa mzito, hata mate yakamshinda kumeza. Mama hakuomba ruhusa ya mtu. Alitafuta gari, akamleta kwenye hospitali ninayofanyia kazi, yeye na baba mdogo.

Alifika pumzi ikimkatika. Daktari akampitisha mpira kooni, na dawa ya kupambana na sumu ikaanza kuingia kwa dripu. Mashine za kupumulia zote zilikuwa na wagonjwa. Nikashika mfuko wa hewa, nikawa naubana kwa mkono. Bana, achia. Bana, achia.

Baba mdogo akamfunua kope, jicho halikucheza. Akamwita, kimya. Akamgeukia mama na kumweleza kwa upole kwamba kaka ameshaondoka, kinachoinua kile kifua ni upepo tu, heri tumrudishe nyumbani sasa kuliko kuja kuhangaika kusafirisha maiti. Akataja na mahali pa kaburi, kando ya zizi. Ngoma kubwa ya kaka, akasema, ataitunza yeye. Mama akaanza kulia.

Hapo nikachemka. Sumu ya swila haigusi akili. Mshipa wa fahamu unatuma agizo kama siku zote, ila sumu imekalia mlango wa msuli, agizo linabisha hodi na halifunguliwi. Tena huanzia juu: kope, ulimi, koo, kifua. Vidole vya miguu huwa vya mwisho. Nilijua kwa sababu nilisoma, na binti wa mcheza nyoka haisomi sura hiyo mara moja.

Nikamwambia baba mdogo, bila adabu hata kidogo, aende miguuni afunue shuka. Kisha nikamwinamia baba sikioni.

"Baba, najua unanisikia. Sogeza kidole gumba cha mguu."

Hakikusogea. Nikabana, nikaachia. Niliogopa, sitaficha. Nikamwomba tena.

Kikasogea. Kidogo tu, lakini baba mdogo aliruka nyuma mpaka akagonga kitanda cha jirani.

Habari ya kaburi ikaishia hapo. Tulipokezana mfuko na wenzangu mpaka mashine moja ikapatikana, na viganja vyangu vilikuwa vimevimba. Muda wote nilikuwa namwongelesha: mvua, mpunga, wajukuu. Nikamwambia na ile ya vitabu, jinsi ilivyoniuma. Kwa mara ya kwanza hakuweza kunikatisha.

Siku chache baadaye alifumbua macho, mpira ukatolewa. Neno lake la kwanza, kwa sauti ya kukwaruza, lilimwendea baba mdogo.

"Ngoma yangu iache."

Mimi hakuniambia kitu. Nikadhani yangu hakuyasikia.

Mavuno yaliyofuata nilikwenda Magu. Katikati ya uwanja baba alinyamazisha ngoma, akaniita, akaushika mkono wangu na kuuinua mbele ya watu wote.

"Mimi namjua nyoka akiwa nje," akawaambia. "Huyu anamjua akishaingia ndani. Atakayeng'atwa hapa, gari kwanza, dawa zetu baadaye."

Kisha akafungua sanduku. Nilikimbia mpaka kwa jirani, nikalia huko kwa furaha, peke yangu.