Sauti ya Mkwe Wangu Kwenye Meli ya Itungi

Kisa hiki sikukiokota kilabuni. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa juu, kwenye meli iliyojaa watu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo kupamba maneno sijui. Asiyeamini na aache.

Nilianza maisha na jembe moja hapa Kyela, na miaka ya sabini ilipoingia nilikuwa na mashamba ya mpunga na mashine ya kukoboa. Hakuna aliyenipa. Mtoto wa kiume Mungu alinipa mmoja tu, Asajile, naye akafa ghafla, hakuugua hata siku mbili. Aliacha mke, mtu wa Lupingu, kule chini ya milima upande wa Iringa, na katoto ka kike kanakonyonya, Tumpe.

Msibani nilisema neno. Nilisema mbele ya watu kwamba yule mwanamke ndiye aliyemla mwanangu kwa uchawi. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu na mali husikilizwa. Matanga yalipoisha alimfunga mtoto mgongoni, akapanda meli ya ziwani pale Itungi kurudi kwao.

Miezi ikapita, nyumba ikawa kimya. Nikapanda meli ileile kumfuata mjukuu. Meli yenyewe kuukuu, kutu tupu, watu na mbuzi na mikungu ya ndizi wamelala pamoja. Nikafika Lupingu na magunia mawili ya mchele, nikijua nitarudi na mtoto.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Akikuona anaacha njia, anajifunika. Hamsemeshani kabisa. Kwa hiyo yeye alikaa nyuma ya nyumba, mimi nikakaa mbele, na kaka yake akawa anapeleka maneno na kuyarudisha. Akaniambia dada yake hataki mchele. Mtoto nitampata siku nitakayolifuta lile neno kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikajibu kwamba mila hainiruhusu kusema naye. Yule kijana akacheka.

“Mzee, mbona kumtukana mila ilikuruhusu?”

Nilirudi mikono mitupu, nikaapa sitaikanyaga meli ile tena. Lakini mke wangu aliacha kula. Alikonda mpaka pete ikawa inadondoka kidoleni. Siku moja akaniambia bila hasira, “Baba Asajile, nenda. Ukirudi bila mtoto, utanizika.” Ungefanya nini? Nikaenda.

Nilichuchumaa pembeni mwa meli, nimeegemea chuma cha ukingo. Tulipoipita Lumbila, wakaja kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, ambao sisi huwakamata tukakanda mikate. Siku hiyo walikuwa wengi mpaka jua likafifia. Kila mtu akajifunika. Mimi nikajifunika koti kichwani.

Nyuma ya bega langu sauti ya mwanamke ikasema, “Baba.”

Niliijua. Hakuwahi kunisemesha, lakini nilishaisikia ikilia msibani. Nikakasirika, nisikufiche. Mkwe gani huyu anamsemesha baba mkwe mbele za watu? Sikugeuka. Kwamba nimeegemea ukingo wa meli, sikukumbuka kabisa.

“Baba, sikuja kugombana. Sema tu kwamba sikumuua mume wangu. Sema nisikie, nikuachie mtoto kwa moyo mmoja.”

Maneno mangapi hayo? Ningeweza kuwasingizia kungu kwamba waliniingia mdomoni. Hapana. Mdomo niliufunga mwenyewe, nikajiambia ni mila. Akaomba mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilikuwa mbali, kama mtu anayeitwa na wenzake huku bado anakutazama.

Kungu wakapita. Niligeuka. Nyuma yangu palikuwa na chuma, na baada ya chuma ni maji. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akaniuliza namtafuta nani. Nikainamia ukingo, nikatazama majini.

Lupingu mtumbwi ukatushusha. Kaka yake alikuwa ufukweni, kichwa kimenyolewa. Homa ilimchukua dada yake. Walikuwa wamemzika juzi.

Hakubishana nami. Akanikabidhi Tumpe, akasema, “Dada aliagiza ukija tukupe. Alisema atakuuliza mwenyewe kwanza. Alikuuliza?”

Nikasema hapana.

Mtoto alipofika mikononi mwangu alijifunika uso kwa kitambaa alichofungiwa. Nikadhani ananiogopa, atazoea. Hakuzoea. Bibi yake alicheka naye, akala, akaishi miaka. Mimi, Tumpe akiniona njiani anaacha njia. Anaingia majanini, anajifunika kanga. Chakula changu anapika, anakiweka mlangoni, anaondoka. Nani alimfundisha? Mjukuu kwetu ni mtani wa babu, humvuta ndevu na kumwita mume. Huyu hajawahi kunitazama, na sasa yeye mwenyewe ni mama wa watoto.

Nimekwenda kaburini Lupingu mara nyingi. Nimeyasema yale maneno kwa sauti, watu wakidhani nimechanganyikiwa. Nikirudi nyumbani, njia inaachwa vilevile. Juzi nilimsikia Tumpe akimwimbia mwanawe nyuma ya nyumba. Nilikohoa tu, akanyamaza.

Usinieleze habari za mila, mila naijua. Kama kuna mtu ulimtupia neno, mfuate leo, ulifute angali anaweza kukujibu. Mimi niliombwa mara tatu katika safari moja, na mara zote tatu nilikaa kimya kama mtu mwenye haki.