Mashine ya Yaya na Bunga la Jirani

Niliporudi kutoka Lukafu, ambako kilimo kilikuwa kimenichosha kama kazi zote nilizowahi kujaribu, nilifikia kwa yaya, dada yangu mkubwa, mtaani Katuba. Nilimkuta amepiga magoti, anakausha sakafu kwa kitambaa. Maji ya mashine yake ya kufulia yalikuwa yamepita chini ya ukuta hadi kwa jirani, mama wa Kivu anayeuza bunga, unga wa mahindi. Magunia mawili yalikuwa yamelowa.

Mwenye nyumba alisema maji yakipita tena, mashine itoke. Yaya anafulia watu nguo. Kabla ya mashine, sabuni ilimpasua vidole hata kufunga vifungo vyake mwenyewe hakuweza. Niliamua hatarudi huko.

Shule niliiacha mapema, lakini kitu kikiharibika siwezi kukipita bila kukifungua. Ule mpira unaoleta maji mashineni kutoka robine, koki ya ukutani, ulikuwa umezungushiwa vipande vya chambre, mpira wa ndani wa baiskeli, safu juu ya safu, kama kidonda. Nilivikata vyote. Ndani ya nati inayoufunga kwenye robine, kipete kidogo cha mpira, ambacho ndicho kinachozuia maji, kilikuwa kimekatika. Kila alipoona tone, yaya alikuwa akiikaza nati kwa koleo kwa nguvu zake zote.

Nikatafuta kipete kipya sokoni, nikasugua kutu, nikafunga kwa mkono, kisha koleo kidogo tu.

“Kaza tena,” yaya akasema.

“Hapana, yaya. Ukikaza sana unakipasula.”

“Na mama wa bunga, ni weye utamuelezea?”

Bado kitu kimoja kilinisumbua. Mtaani kwetu, maji yakikatika, kila nyumba huacha robine wazi juu ya beseni tupu, ili mlio utuambie yamerudi. Yaya alikuwa akiacha wazi hiyo ya mashine. Lakini maji hayarudi kwa adabu: hutanguliza hewa, bomba likakohoa, kisha yakapiga mpira kwa kishindo. Nikaifunga, nikafungua ya uani na kuweka sinia ya bati chini yake. Yaya alinung'unika kwamba hatasikia kitu.

Alasiri maji yaliyokuwa yamekatika yalirudi, sinia ikalia mpaka jirani akatoka. Alikuja na konzi ya bunga kavu, akainyunyiza chini ya nati, kando ya ukuta wote.

“Bunga haifichi mayi,” akasema, akachuchumaa kungoja tone la maji.

Yaya alifungua robine mwenyewe, polepole. Mashine ikajaa, ikaanza kuzunguka. Nilitamani kugusa nati, nikajizuia. Mashine ilipomwaga maji na kujaza mengine, bunga lilikuwa bado jeupe. Jirani akalipuliza, likaruka, likatua kwenye pagne ya yaya, kitenge alichojifunga.

“Iko kavu,” akasema, kama mtu asiyependa kushindwa.

Yaya hakujipangusa.

“Mama, lete yale magunia yenye yalilowana. Nitayafula mimi.”

Akayaleta.