Chaki Kwanza, Rangi Baadaye

Mchora mabango alikuwa na ulimi usio na breki, na mwenyewe alilijua hilo, na ndugu zake pia. Ndiyo maana siku shemeji yake alipokwenda kibandani kwake na maneno ya bango, mdogo wake alikuwa ameshatangulia kupiga simu.

"Dada, nakuomba, usimvue nguo mume wangu. Kama hupendi alichoandika, meza."

"Nimeze? Kwani mimi chatu?"

"Dada!"

"Haya, nimemeza."

Shemeji huyo alikuwa fundi kompyuta, mpole, mwembamba kama mpini wa brashi. Alifufua kompyuta kuukuu ambazo watu walishazitupa, akazitia programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kumgawia mwenzake. Mwenye nyumba mmoja akamwazima chumba kinachotazama barabara, awafundishe watu kuzitumia, kwa sharti moja tu: watu wasipoingia hadi mwisho wa mwezi, chumba kinageuzwa stoo ya saruji. Mwezi ulishafika katikati, na aliyekwisha kuingia ni kuku wa jirani.

Mchora mabango akasoma karatasi. ACHENI UTUMWA! MNAONUNUA PROGRAMU MMEFUNGWA MINYORORO! MNAOIBA NI WEZI! NJOONI KWENYE PROGRAMU HURIA!

Maneno yakamjaa mdomoni. Akameza.

Ila kibandani kwake palikuwa na desturi, na haikujali shemeji wala jirani: bango huandikwa kwa chaki kwanza, kisha mwenye nalo huvuka barabara akalisome kama mpita njia. Rangi haigusi ubao kabla ya hapo. Desturi hiyo ilimwepusha na magomvi mengi, maana chaki humpasha mtu bila kumtukana.

Akaandika herufi nono, bila kupunguza hata alama moja ya mshangao. Wakaegemeza ubao kwenye mlango wa chumba, wakavuka, wakasimama karibu na mshona viatu.

Akapita muuza mayai na trei zake. Akasimama, akasoma huku midomo ikimcheza.

"Fundi," akamwambia mshona viatu, "huyu kagombana na nani?"

"Sijui, mama. Ila mlango ule mimi siukaribii. Nitaitwa mwizi, na nilikuwa natafuta kivuli tu."

Muuza mayai akacheka, akaenda zake. Shemeji akashusha mabega. Mchora mabango akaangalia mawingu.

"Sema, dada. Najua unalo."

"Sina."

"Unalo. Shingo imekuvimba."

"Nimemwahidi mkeo."

"Ahadi hiyo naivunja mimi, mumewe."

Hapo ndipo bomba lingefunguka. Ajabu, akauliza tu, "Wewe mwenyewe, mara ya kwanza kabisa, hizi programu zilikufaa nini?"

Uso wa shemeji ukachanua. "Kadi za harusi yetu. Zile zenye maua pembeni."

"Zile? Niliwaringishia mashangazi wote nikidhani mmechapishiwa na watu wa maana!"

"Watu wa maana ndio mimi."

"Sasa mbona unaficha maua, unatuonyesha minyororo?"

Wakacheka mpaka mshona viatu akainua kichwa. Wakafuta kwa kitambaa kibichi, wakaandika upya: KADI, BARUA, RATIBA ZA SHUGHULI. TENGENEZA MWENYEWE. KARIBU NDANI.

"Na uhuru je?" shemeji akauliza. "Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi, dada."

Kwa mchora mabango, huko kulikuwa kulijaza bango bure. Lakini bango ni la mwenyewe. Akaweka mkiani, kwa herufi za kichoyo: Programu hizi ni huria. Chukua, mgawie na jirani, si kosa.

Rangi ilipokauka, wa kwanza kuingia alikuwa yule muuza mayai. Aliinama kwanza pale mkiani, pua ikakaribia kugusa ubao.

"Hii ya kumgawia jirani ni kweli? Maana kikundi chetu kina kompyuta, na kila tukitaka kunakili kitu tunaambiwa tunaiba."

"Kweli kabisa, mama. Ileteni."

Wakaileta, wakajileta na wenyewe, viti vikajaa. Mwenye nyumba akatafuta pengine pa kuweka saruji yake.

Mdogo mtu akapiga simu. "Dada, ulimwambia nini?"

"Sikusema kitu. Nilimvusha barabara."

Asubuhi iliyofuata shemeji alimkuta mlangoni, kapiga magoti na brashi, ananenepesha herufi za mkiani.

"Nani kakutuma, dada?"

"Nimevuka mwenyewe. Kutokea kule hazisomeki."