Springi Ngumu za Njia ya Issuna

Siku yangu ya kwanza karakana ya serikali pale Singida, nilimpa shikamoo kila mtu, hata mlinzi wa rika langu. Nilikuwa na darasa la nne na ndoto ya kuendesha gari hadi barabara zote ziishe. Fundi Mkuu akacheka. "Wewe Mnyaturu, ndoto weka chini, shika spana."

Kazi yenyewe ilikuwa springi za nyuma. Enzi hizo za kuhamia vijijini, landrova zilibeba magunia, milango, mabati na wazee, zikainama nyuma kama fisi. Tukaamriwa kuongeza majani, yaani vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari likainuka. Ukilijaza, linatulia. Likiwa tupu, springi hazikunjiki. Kila tuta linakupanda hadi mgongoni, na matairi ya nyuma yanaruka, hayashiki udongo.

Baadaye nikapelekwa zahanati ya Issuna, dereva na fundi kwa pamoja. Huko ndiko nilikompakia Mwajuma na mama yake, tukimbilie hospitali ya mjini. Mwajuma alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Barabara ilikuwa imejikunja kama bati. Hatukufika mbali, Mwajuma akapiga kelele, "Kaka, niue tu!"

Nikasimama kando ya mashamba. Kupunguza majani kungekula nusu siku.

"Mama, nahitaji watu wazito," nikamwambia mama yake.

"Watu wa nini? Wa mazishi?"

"Wa kukaa nyuma, springi zilegee."

Akawaita waliokuwa wakilima. Wakaja na majembe yao, wakajipanga pembeni, Mwajuma katikati. Mmoja mnene akasema, "Leo kitambi changu kimepata kazi ya serikali." Mwajuma naye akatabasamu. Tukaenda laini.

Lakini uzito uleule ukatuzamisha kwenye mchanga wa korongo. Wakashuka, wakachimba kwa majembe, wakasukuma huku wakimwita Mungu, kila mtu kwa dini yake. Gari lilipotoka, mama alikuwa amemfunika mwanawe uso kwa khanga.

Nikageuza. Kwenye yale mashamba nikapunguza mwendo ili washuke.

"Endesha, baba," mama akasema. "Hawa hawashuki. Asije akarushwarushwa."

Wakakaa hadi nyumbani kwake.

Sasa nimestaafu. Vijana wa gereji huja kuniuliza waongeze majani mangapi. Mimi huwauliza kwanza, humo nyuma atalala nani?