Verl Tolman na Kura ya Shule

Verl Tolman alilima vitunguu vya watu wengine kwa muda wote aliokuwa na nguvu. Mwenye shamba alipowauzia wajenzi, Verl akabaki na pikapu kuukuu, mgongo mbovu na binti mmoja. Shamba likaota nyumba. Palipokuwa na matuta sasa pana maegesho ya saruji, na barabara zake zimepewa majina ya miti ambayo Idaho haijapata kuiona. Verl alipita pale kila siku, na kila siku alitukana kimoyomoyo tu, maana ni mtu wa kanisani.

Waliohamia ni Wakalifornia. Si wote, lakini sisi wa mji huu wa Harlan tunawaita hivyo wote, hata aliyevuka mto tu kutoka Oregon. Wanauza kibanda kwao, wanakuja kununua kasri huku na chenji inabaki, na mtoto wa hapa hana hata pa kupanga. Hayo si maneno ya Verl peke yake. Nenda mkahawani asubuhi yoyote, utayasikia kabla kahawa haijapoa.

Kichekesho ni kwamba hao hao ndio waliompa Verl riziki ya uzeeni. Malori ya kukodi yanakuja Idaho yamejaa makochi na vitanda, na hakuna anayehama kurudi California, kwa hiyo yanarundikana uani kwa kampuni mpaka hayana pa kugeuzia. Kampuni ikaajiri wazee wastaafu wayarudishe matupu, kisha inawaleta nyumbani kwa basi dogo. Verl alisema anaipenda kazi hiyo kwa sababu inapeleka vitu upande unaostahili.

Siku moja alikuwa akitoka mjini na lori la namna hiyo, lina namba za Arizona kama malori yote ya kampuni ile, akasimama kwenye taa. Pikapu ikaja ubavuni. Dereva akashusha kioo, akatoa kidole cha matusi.

"Rudini kwenu! Huku tumejaa!"

Alikuwa Dwain Stucki, rafiki yake tangu darasa la kwanza.

"Dwain, mpumbavu wee, ni mimi!"

"Verl? Sasa unatafuta nini ndani ya dude hilo? Nusura nikutemee mate!"

Wiki nzima mkahawani hapakuwa na hadithi nyingine. Verl mwenyewe aliisimulia kuliko wote, na kila mara kidole cha Dwain kilizidi kurefuka.

Lakini kicheko hicho kilikuwa cha mchana tu. Akifika nyumbani alikuwa na lake lililomkaba. Binti yake Janalee alifundisha muziki katika shule ya msingi ya Harlan, na mshahara wake haukutoka kwenye fungu la jimbo. Ulitoka katika kodi ndogo ya nyumba, ambayo wapiga kura wa mji huulizwa kila baada ya miaka miwili kama bado wanaitaka. Kura ya safari hii ilikuwa mwezi wa Mei. Janalee alimweleza babake Jumapili moja, sahani zikiwa bado mezani.

"Baba, sikutishi. Nakwambia mapema tu. Kodi ikipita, tunabaki. Isipopita, tunakwenda Nebraska kwa wakwe zangu."

"Nebraska kuna nini? Mahindi."

"Kuna nyumba, Baba. Na kuna shule inayotafuta mwalimu."

Verl akaweka uma chini. Alikuwa amekwisha kumzika mkewe. Wajukuu wake wawili walishukia kwake kila alasiri kutoka kwenye basi la shule, wakamaliza biskuti, wakapiga kelele, wakaacha soksi chini ya kochi. Wakiondoka hao, nyumba ile itabaki ghala la mzee. Alijua hivyo, na aliogopa kuliko alivyoogopa mvua ya mawe wakati wa mavuno.

Akakata shauri kupiga hodi kwa Wakalifornia. Mkahawani walikuwa wakiapa kwamba wageni wale watatuletea kodi na siasa za kwao, lakini Verl, kwa safari zake na malori, alikuwa amewasikia wenyewe wakizungumza. Wengi walikuwa wameikimbia hiyo hiyo kodi. Hao ndio watakaoiangusha shule, alijiambia, kwa hiyo hao ndio wa kuombwa.

"Na akina Dwain je?" Janalee aliuliza.

"Dwain alibeba jeneza la mama yako. Nitamwombaje kura mtu kama huyo? Atanicheka."

Tena kuomba, kwetu Harlan, ni jambo zito. Mtu atasukuma trekta bovu peke yake mpaka giza kabla ya kugonga mlango wa jirani. Verl hakuwaambia wenzake habari za Nebraska. Aliona kusema binti yangu anafukuzwa na maisha ni sawa na kutembeza bakuli.

Kwa wageni alikwenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa na bendera mlangoni na pikapu mpya yenye namba za Idaho. Mwenyewe alikuwa Arturo Bustamante, zimamoto mstaafu kutoka Fresno. Alitoka na sura ya mtu anayesubiri shari.

"Kabla hujasema kitu, mzee, mimi si wa kule tena. Nimeshabadilisha namba."

"Nimeona. Umewahi kweli."

"Ningefanyaje? Walinikwaruza gari hapo dukani, na maandishi juu yake."

Verl akaangalia viatu vyake. Hakuwa yeye, lakini alimdhania mtu. Akaeleza habari ya shule, na Bustamante akatikisa kichwa hata kabla hajamaliza.

"Sikufichi, mzee wangu. Kodi ndiyo iliyonitoa Fresno. Nije huku nianze upya? Wanangu wamekua wote."

"Wangu naye amekua," Verl akasema. "Ndiye atakayeondoka."

Hapo yakamtoka. Alimweleza mtu asiyemjua yote aliyowaficha marafiki zake: Nebraska, wajukuu, soksi chini ya kochi. Akaona haya, akageuka aondoke. Sauti ya mwanamke ikatoka jikoni.

"Arturo! Mkaribishe mzee wa watu. Mbona unamhoji mlangoni kama askari?"

Akaingia, akala maharage na nyama, akashukuru. Wakati wa kuagana Bustamante akasema, "Sikuahidi kitu."

"Sikuomba ahadi."

Masika yote Verl alizunguka barabara zile zenye majina ya miti. Baadhi walimfungia mlango, baadhi walimpa soda. Mbwa mmoja alimrarua suruali. Alirudi amechoka kama enzi za kung'oa vitunguu, na kila jioni Janalee alimwuliza wamesema nini, naye akajibu kwamba wanafikiri.

Kodi iliangushwa, tena kwa pengo dogo la kuumiza roho. Janalee alimpigia simu babake usiku ule. Hakulia. Alisema tu, "Basi, Baba," akakata simu.

Asubuhi akaingia mkahawani amevimba.

"Wamefanikiwa! Wakalifornia wamemfukuza mwanangu!"

Dwain akainua kichwa. "Mwana yupi? Janalee? Amefukuzwa na nani?"

"Mshahara wake ulikuwa kwenye kodi ile! Sasa anakwenda Nebraska na watoto."

Dwain akasukuma sahani. Alikuwa mwekundu, sasa akawa rangi ya uji.

"Verl. Mimi nilipiga hapana."

"Wewe?"

"Tangu wangu wamalize shule napiga hapana. Wewe hujui? Na safari hii nikasema, shule imejaa watoto wao, walipe wenyewe. Wallahi sikudhani itaanguka. Si tunasema kila siku hawa watu wanapenda kodi? Nilijua wataipitisha."

Verl akatazama wengine pale mezani. Mmoja akakohoa. Mwingine akakoroga kikombe kisichokuwa na kitu. Baadaye habari zikaenea kwamba zile nyumba mpya ndizo zilizokubali, kwa kura chache lakini zilikubali. Mji wa zamani ndio uliokataa. Kikulacho ki nguoni mwako, na Verl alikuwa amekesha akikagua nguo za jirani.

Akatoka. Dwain akamfuata mpaka kwenye pikapu, leso ya mezani bado shingoni.

"Ungeniambia, bwana! Neno moja tu!"

"Ungeuliza!" Verl akafoka, akatia moto gari. Njiani ndipo alipotambua kwamba amejibu upuuzi. Dwain angeuliza nini, naye hakujua kama kuna la kuulizwa?

Siku ya kupakia, Juni, walikuja wote wa mkahawani na migongo yao mibovu. Bustamante naye alikuja na mkewe na sufuria la chakula. Ikatokea kwamba piano ya Janalee ilipandishwa na Dwain upande huu na Bustamante upande ule.

"Inua, California!"

"Inua wewe kwanza, babu. Mimi nimeshainua zamani."

Walipoiweka, Bustamante akamsogelea Verl akifuta jasho. "Nilipiga ndiyo. Kuhusu kodi sijabadili mawazo, usije ukanitangaza. Ila ulikuja, ukaniomba."

Verl akamshika mkono, asiweze kumtazama usoni.

Mume wa Janalee akatangulia na gari dogo na watoto. Janalee akapanda lori pamoja na babake, ambaye ndiye angelipeleka. Nje, wazee walisimama wakipunga mikono, na Dwain alikuwa akilia waziwazi bila kujifuta. Janalee akawaangalia.

"Baba, hawa wangenipigia kura?"

"Wote."

"Na hukuwaomba? Wewe uliyegonga kila mlango kule?"

"Kule walikuwa wageni," Verl akasema. "Hawa nilidhani ni wetu."

Janalee akafunga mkanda. Verl akatia gia, na lori likatoka taratibu kuelekea mashariki.