Wino wa Nyumba ya Saïndou

"Hii buluu ya kufulia nguo, Zaïdou! Baba yako ataiona kutoka mlangoni, hata viatu hujavua!"

Shangazi Koultoumi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ilijaa mistari ya wino, buluu juu ya buluu, na pembeni ya kila mstari Zaïdou ameandika jina la mahali alipoupata.

"Huo wa mwisho ni wino wa zamani, shangazi. Umetoka Majunga."

"Hata ungetoka Makka. Buluu ni buluu. Lete kile kipande."

Zaïdou akakileta. Kilikuwa kona ya ukurasa, si kikubwa kuliko kiganja, kilichomeguka kwenye kitabu cha maulidi cha nyumba yao kule Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Dada yake Asmahane alikifunga ndani ya leso akampa msafiri. Juu yake kulikuwa na nusu mstari wa mkono wa babu yao, na rangi yake, ukitazama haraka, unasema nyeusi. Ukikigeuza kwenye jua ndipo unaona buluu imelala chini, kama mgongo wa jodari akitoka majini.

Shangazi akaviweka pamoja, kipande na karatasi. Hakukuwa na haja ya kusema, lakini alisema.

"Unaona? Mimi nimezaliwa nyumba ile. Nimekiona kile kitabu kikifunguliwa tangu sijaota meno ya ukubwa. Hakijawahi kuwa na rangi hii ya sare za shule."

"Sasa nifanye nini? Nimezunguka Moroni yote!"

"Zunguka tena. Au mwache Fakri aandike."

Hapo ndipo palipouma.

Nyumba ya Saïndou ina desturi yake. Mtoto wa kiume akihitimu Kurani anaandika ukurasa mmoja wa kile kitabu cha maulidi kwa mkono wake. Anapanda chumba cha juu peke yake, anaandika, anakausha, anakifunga kitabu ndani ya kitambaa chake, basi. Hakifunguliwi tena mpaka siku ya kusomwa. Zaïdou alihitimu kweli, lakini alikuwa mtu ambaye akikaa kitako miguu inamwasha. Shule ya sekondari aliiacha katikati, na ule ukurasa aliuacha kabla hajaugusa: wiki aliyotakiwa kupanda juu, alipanda meli ya Moroni. Huko amechora mabango ya maduka, amebeba mizigo, ametengeneza redio, na kila kazi ilimchosha alipokuwa ameanza kuijua.

Ukurasa wake ukabaki mtupu katikati ya kitabu. Msomaji akifika pale anasoma kwa kichwa, macho juu, na watu wote barazani wanajua nani hayupo.

Sasa Asmahane anaolewa. Baba, Fundi Saïndou, maana kule mwalimu wa Kurani huitwa fundi, alituma maneno kwa mdomo wa yule yule msafiri: wino wa nyumba umekwisha, na tangu Ndzuani ijitenge na visiwa vingine vya Komoro meli za mizigo haziji, maduka ya Mutsamudu hayana hata chumvi ya kuchagua. Zaïdou alete wino kutoka Moroni, rangi ile ile, aje aandike ukurasa wake kabla ya harusi. Asipokuja, au akija na rangi nyingine, Fakri ataandika. Fakri, binamu yake, ana ukurasa wake tayari. Angekuwa na kurasa mbili, na Zaïdou asiwe na hata mmoja, milele.

Basi alizunguka. Sokoni Volo Volo alipata buluu nyepesi ya watoto wa shule, ile inayofutika. Duka la vifaa vya ofisi walimpa buluu iliyokoza, nzuri, lakini nyekundu imejificha ndani yake kama zambarau mbichi. Mwenye duka alipomsikia anavyoongea akamcheka. "Nyinyi watu wa Ndzuani! Mnajitenga na sisi, halafu wino mnakuja kununua kwetu?" Zaïdou akamjibu, "Tumejitenga na bei zako tu, bwana," wakacheka wote wawili, mwenye duka akamtolea chupa nyingine kutoka nyuma, iliyoandikwa kabisa kuwa ni buluu-nyeusi. Ilipokauka ikawa na ukijani, kama maji ya birika lililosahauliwa.

Alijaribu hata kuchanganya masizi na buluu ya kufulia. Kalamu ikaziba.

Mwisho mtu akamwelekeza Itsandra, kwa mzee Abdourahamane, mmoja wa wale Wakomoro waliorudishwa kutoka Madagaska baada ya machafuko, mwaka wa sabini na saba. Mzee alikuwa karani kule Majunga. Siku ya kuondoka kila mtu alishika alichoweza; yeye alishika sufuria, koti, na chupa ya wino ambayo haijafunguliwa.

"Hata leo sijui kwa nini niliichukua," alimwambia Zaïdou akiigeuza mkononi. "Mke wangu aliniuliza, godoro liko wapi? Nikamwonyesha wino." Akaivunja nta ya kifuniko kwa kisu. "Chukua. Mimi siandiki tena kwa mtu yeyote."

Zaïdou alirudi mbio, akaandika mstari wake asubuhi ile, na mstari ukatoka buluu. Buluu wazi, tena iliyopauka kuliko zote. Ndio huo sasa shangazi anauita wa kufulia.

"Umekufa huo wino," Zaïdou alisema. "Umekaa miaka yote ile, umekufa."

"Basi sema tu umeshindwa."

"Nimeshindwa! Umefurahi? Tuma mtu amwambie baba, Fakri aandike, na wa kesho na kesho kutwa aandike yeye pia!"

Akaisukuma chupa chini ya kitanda kwa mguu, akachukua brashi zake, akaenda zake Mvouni, ambako kuna mtu alitaka bango la duka la mkate. Huko juu kuna ubaridi, na hakuna anayemjua Fundi Saïndou. Alichora mkate, akachora na mvuke juu ya mkate, ambao hakuagizwa. Lakini kila alipochovya brashi kwenye buluu aliona ukurasa mtupu, na msomaji anainua macho.

Aliporudi Moroni karibu wiki ilikuwa imepita. Shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi.

"Kuna mtu amekuja hapa kuandika?" akamuuliza hata kabla ya salamu.

"Kuandika nini?"

"Kwenye karatasi yako. Niliibandika pale ukutani kuziba tundu, moshi wa jirani usiingie. Nenda kaangalie mwenyewe, mimi nisije nikaambiwa nazeeka."

Zaïdou akaenda. Mistari ilikuwa pale pale. Ile ya watoto wa shule imeanza kupauka, ile ya zambarau iko vile vile, ile ya ukijani iko vile vile. Wa chini kabisa, ulioandikwa Itsandra pembeni, ulikuwa mweusi. Akaing'oa karatasi, akaipeleka kwenye jua la uani, akaigeuza. Buluu ilikuwa chini pale, imelala.

"Shangazi! Kipande! Kiko wapi kile kipande?"

Wakaviweka pamoja tena, vichwa vyao vinagusana. Shangazi akasogeza, akarudisha nyuma, akasogeza. Mikono yake ilikuwa na tui, akaikausha kwenye leso yake ya kiunoni ndipo akagusa.

"Nani ameutia rangi?"

"Hewa. Hakuna mtu mwingine aliyeugusa."

"Mtu wa nyumba yetu gani aliwahi kusema wino unafanya hivi?"

Zaïdou akafikiri. "Nani angesema? Anayeandika yuko peke yake. Akimaliza anafunga kitabu. Nyinyi wengine mnakiona siku ya maulidi, kimeshaiva."

Shangazi akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasahau kuendelea kukuna. "Miaka yote," alisema. "Na mimi nimekuita panya."

"Panya hukusema. Ulisema kufulia."

"Moyoni nilisema panya. Nenda ukaoge, utafute chombo."

Chombo kilipatikana. Bandarini Mutsamudu vijana wenye bunduki walikuwa wanakagua kila anayeshuka. Mmoja, labda alikuwa rika la Zaïdou, alimsikiliza akijitaja kisha akakunja uso.

"Wa hapa wewe? Mbona ulimi wako umekaa Kingazija, kama wa watu wa Moroni?"

"Umekaa huko muda mrefu. Utarudi."

"Na hii chupa? Dawa?"

"Wino."

Kijana akanusa, akashtuka kidogo kwa ile harufu ya chuma. "Watu wanaleta mchele, wewe unaleta wino. Kwa Fundi Saïndou? Alinifundisha alifu." Akairudisha chupa kwa mikono miwili. "Pita."

Alipanda vichochoro vya mawe hadi mlango wao. Fakri alikuwa barazani anapanga mikeka ya harusi.

"Mwenye nyumba kafika!" Fakri akasema kwa sauti ya kuwafikia majirani. "Nilikuwa nimeshakunja mikono ya kanzu."

"Ikunjue."

Fakri akacheka, akamkumbatia, lakini macho yake yalikuwa kwenye chupa.

Ndani, baba alikuwa amekaa pale pale alipokuwa amekaa siku Zaïdou alipoondoka, utadhani hakuinuka.

"Umefika."

"Nimefika, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wino?"

"Upo."

"Basi panda."

Zaïdou akapanda chumba cha juu na kalamu ya baba yake. Kitambaa kilifunguka kirahisi. Akapita kurasa za watu wa nyumba, wote mgongo wa jodari, hadi akaufikia ule mtupu. Akaanza kuandika. Miguu haikumwasha. Aliandika polepole, na maneno aliyoyasikia tangu utotoni yakashuka kwenye karatasi moja baada ya jingine, buluu, buluu iliyopauka, mpaka ukurasa ukaisha.

Alikuwa anasubiri ukauke aliposikia hatua ngazini. Baba yake akasimama mlangoni. Haikuwahi kutokea, mlango ule haupitwi mtu akiandika. Akaja mpaka mezani, akautazama ukurasa.

"Buluu," alisema.

Zaïdou alitoa mfukoni karatasi ya Moroni, imekunjwa mara nyingi hadi imelainika, akaikunjua kando ya kitabu. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Huu ni wino huu huu, baba. Ulikuwa hivi, ukawa hivi. Wenyewe."

Fundi Saïndou alivaa miwani. Aliangalia mstari, akaangalia ukurasa wa mwanawe, kisha akarudi nyuma kwenye kitabu hadi ukurasa wake mwenyewe, alioandika akiwa kijana. Akakaa.

"Siku niliyoandika huu," alisema, "ulitoka buluu. Nilijua nimeharibu kitabu cha baba yangu. Nikakifunga, nikashuka, nikasema nimemaliza. Mpaka maulidi sikulala vizuri. Kilipofunguliwa nilikuwa nimesimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Nikaona mweusi." Akavua miwani. "Nilidhani Mungu amenisitiri. Peke yangu. Sikumwambia hata mama yako."

"Na babu?"

"Babu yako alinitazama sana siku ile nikishuka. Sasa najua kwa nini."

Chini, Fakri alikuwa anamfokea mtu kuhusu mikeka.

"Fakri alipoandika wake," Zaïdou akasema, "alikuwaje?"

Baba akaanza kutabasamu, akajizuia, ikamshinda. "Siku ile hakula. Mama yake alidhani ana malaria."

"Tumwambie?"

"Mwache. Ameshasitiriwa." Akakigusa kitabu pembeni, mbali na wino. "Siku ya dada yako nitasoma mimi. Pale sitainua macho."

Zaïdou akaikunja karatasi ya Moroni, akairudisha mfukoni. Sauti ya Fakri ikapanda kutoka kichochoroni.

"Zaïdou! Mchele wa harusi umeshuka bandarini na mikokoteni haipandi huku! Au watu wa Moroni hawabebi?"

"Ukauke vizuri kwanza," baba alisema. "Nitafunga mimi."

Zaïdou akafunika chupa, akairudisha kalamu mahali pake, akashuka ngazi mbilimbili kwenda kubeba mchele.