Chumvi ya Kanisa Letu

Jumamosi ya mwisho ya Februari, Philister alitoka shifti yake hospitalini Coon Rapids, Amerika, anakogeuza na kuosha wagonjwa, akaendesha moja kwa moja hadi kijito kilicho nyuma ya maapatimenti ya Brooklyn Park. Hakuvua hata sare. Theluji ilikuwa ikiyeyuka. Alichota maji, akachovya kijikaratasi cha kupimia chumvi, akangoja, akasoma. Miligramu mia tisa kwa lita. Akamwaga, akachota tena. Mia tisa.

Akatukana kwa Kijaluo, kwa sauti.

Kwa miaka mitatu, kila theluji ikiisha, yeye na majirani walikuwa wakitoa humo matairi, toroli za dukani, hata godoro. Walipanga mawe ili maji yapate mahali pa kutulia. Walipanda miti ya mierebi ukingoni. Kamati ya kijito iliahidi kwamba Mei wangerudishiwa samaki, wale wadogo waliotoweka kabla yeye hajahamia Amerika, mradi chumvi isizidi mia mbili na thelathini. Kipimo cha Februari kilitakiwa kumfikia Duncan, katibu wa kamati, siku hiyo hiyo.

Alifuata kijito kwenda juu akipima kila bomba linalomwagia humo. La duka la matairi, mia moja na themanini. La shule, mia mbili. Bomba la tatu lilikuwa likitema maji ya kijivu, na kijikaratasi kikageuka rangi hadi juu kabisa. Akainua macho. Nyuma ya ua wa waya palikuwa na uwanja wa kuegesha magari, mweupe, na weupe ule haukuwa theluji. Ulikuwa uwanja wa kanisa lake.

Mzee Nahashon, mkuu wa mashemasi, alikuwa anarusha chumvi kwa ndoo, kama anayelisha kuku.

"Mama Joan! Umekuja kunisaidia?" akamwuliza Philister.

"Mzee, barafu iko wapi?"

"Itakuja. Mimi huitangulia." Akacheka.

Nyanya Peris alikuwa ameteleza hapo kwenye barafu baada ya ibada, majira mawili ya baridi yaliyopita, akavunjika nyonga. Ndipo akina mama wakaamua kila nyumba ilete mfuko wa chumvi ya kuyeyusha barafu, kama mtu anavyobeba sukari na unga akienda kwenye msiba. Ikaletwa mpaka stoo ikajaa hadi dari. Na kwa kuwa zawadi hairudishwi wala haiachwi ikae bure, Nahashon alikuwa akiimwaga bila kupima.

"Wewe ndiye uliyesimama mbele ya kanisa," akasema, "ukatangaza asije mtu mikono mitupu. Leo unanigombeza kwa sababu ya omena?"

"Usiwaite omena."

"Kwetu kuna ziwa zima na hukuwahi kulipima. Huku mtaro wa Wazungu umekuwa mtoto wako!"

"Kwetu mama yangu aliuza samaki wa ngege mpaka ngege wakaisha, na kila mtu akasema si mimi."

Nahashon akaweka ndoo chini, akapunguza sauti. "Basi si uchote maji kule juu ya bomba? Hatua kumi tu. Utapata samaki wako, na kanisa libaki na jina lake."

Philister alishuka kijitoni, akapita bomba hatua kumi kwenda juu, akapima. Mia mbili na kumi. Alisimama na vijikaratasi viwili mkononi, na kilichomuudhi ni kwamba hatua zile alikwisha kuzihesabu kabla hajaambiwa. Aliwaona samaki wakiletwa Mei kwa ndoo, watoto wakipiga makofi. Kisha, majira ya baridi yakirudi, akawaona tumbo juu, chini ya bomba lile lile.

Akamwandikia Duncan: Mia tisa. Inatoka kwenye bomba la kanisa letu. Chumvi ni yetu.

Alirudi kuchukua gari, akalileta hadi uwanja wa kanisa; jibu lilimkuta bado garini. Duncan alisikitika; samaki wa mwaka huu wangepelekwa kijito kingine. Philister akapiga usukani kwa ngumi, honi ikalia, Nahashon akaruka.

Alishuka, akaenda stoo, akatoka na ufagio na mfuko mtupu. Akaanza kufagia.

"Unafanya nini? Na mtu akivunjika kesho?"

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapa, nimshike mkono kila mzee mpaka ndani. Pakiwa na barafu utamwaga kikombe kimoja, pale ilipo tu."

"Kikombe! Mama Joan, watakucheka."

"Wacheke. Mtu akianguka nitamwinua. Samaki akifa nitamwinua vipi? Nipe ufunguo wa stoo niifunge."

"Ufunguo ni wa mashemasi."

Hakumpa. Alisimama pale amekumbatia ndoo yake, naye Philister akafagia kumzunguka, nyuma, mbele, kulia, kushoto, mpaka chumvi yote iliyobaki upande ule wa uwanja ikawa ile iliyo chini ya viatu vya mzee.

"Sogea," akasema.